Vita Nilivyovicheka Litein

Jumanne nilikuwa nikisubiri dawa dukani mjini Litein. Runinga ilionyesha filamu mpya, iliyoigizwa upya kutoka kwa vichekesho vya Waingereza nilivyovitazama ujanani nikiwa karani wa shamba la chai: wazee wa kijiji wanajifanya askari. Nilicheka kabla mzaha haujafika, ili nionekane najua.

Mama mkongwe aliyeketi kando yangu akauliza, "Mzee, hiyo ni vita gani?"

"Ya Waingereza na Wajerumani, mama."

"Hiyo ndiyo ilichukua baba yangu nikiwa tumboni. Hakurudi. Mimi sijui Kizungu. Ukiona askari wa huku kwetu, unionyeshe."

Vichekesho vile nilivijua kwa moyo. Askari wa kwetu hakuwamo, na miaka yote hiyo sikuwahi kumtafuta.

"Labda mbele kidogo," nikasema.

Akavaa miwani, akasogeza kiti. Alipoitwa achukue dawa yake, alipunga mkono. "Ngoja kwanza. Huyu mzee amesema watakuja."

Nimesifiwa Kiingereza changu maisha yangu yote. Siku hiyo nilikosa Kiswahili cha kusema ukweli. Nilichukua dawa yangu, nikaondoka bila kumuaga.