Kidole Mdomoni

Mke wangu Cornelia alikuwa na mdomo. Simsemi vibaya, marehemu ni wangu na nitamsema nitakavyo. Mchana alikuwa mtu wa kazi, akishika jembe husikii neno. Lakini tukishapanda kitandani tu, basi, maneno yanaanza. Mbuzi wa Salome kaingia kwenye ulezi, paroko kahubiri mpaka watoto wakasinzia, jirani kapika pombe ikachacha. Miaka thelathini na moja nililala kwa sauti yake na sikuwahi kuona shida.

Shida ilianza alipofariki mwanetu Benjamini.

Chanzo ni matuta. Sisi Wafipa tuna matuta yetu ya duara: unakata nyasi, unazikusanya, unazifukia kwa udongo zioze humo ndani, na hiyo ndiyo mbolea. Benja, kijana wa miaka ishirini na miwili, akasema hayo ni mateso ya bure, siku hizi watu wanalima kwa ng'ombe na mbolea ya dukani. Akaruka juu ya tuta langu kwa miguu miwili, likabomoka, huku anacheka. Utani tu. Nikamwambia mbele ya watu, "Toka! Usikanyage tena shamba langu mpaka siku ya kunizika."

Kwa tuta moja! Mshenzi mimi. Akaenda zake Kipili, kule chini ziwani Tanganyika, kufanya biashara ya dagaa. Sasa sisi watu wa baridi, malaria ya ziwani haituonei huruma. Miezi mitatu haikuisha, tukaletewa jeneza.

Baada ya hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumwomba mwanangu radhi. Ndipo Vicent, mtoto wa mdogo wangu anayesoma chuo Sumbawanga mjini, akaja likizo na habari zake za kwenye simu. "Baba mkubwa," akaniambia, "kuna watu wanajifunza kuota huku wanajua kwamba wanaota. Ukishajua, unamwita umtakaye na unaongea naye."

Akanifundisha. Mchana nichague kitu ninachokiona kila siku, nikihesabu mara mbili, kwa sababu ndotoni hesabu haitulii. Nikachagua matuta. Nasimama shambani, nahesabu kumi na mawili, nageuka, nahesabu tena. Watu wakaanza kunitania: "Vipi mzee, yanaibiwa?" Halafu saa kumi alfajiri niamke, niwashe taa ya sola, nikae kidogo, kisha nirudi kulala huku nasema moyoni, nitajua kwamba naota.

Hapo ndipo penye kazi, ndugu yangu. Usingizi ukikaribia, pua inawasha. Panya wanakimbizana darini. Mguu unakuwa barafu. Wimbo wa kwaya unajirudia kichwani, ubeti ule ule, mpaka unataka kulia. Vicent akasema nisishindane navyo. Nikiwashwa nisijikune, kelele iache ipite, mimi nifuate pumzi zangu tu. Nikajikaza. Baada ya miezi miwili panya wangeweza kupiga ngoma, mimi simo.

Ikabaki kelele moja. Nikiwasha ile taa, Cornelia naye anaamka, na akiamka, mdomo wake unaamka pia.

"Baba Benja, siku ile mtoto anaondoka alinikuta jikoni..."

Mimi nikaweka kidole mdomoni. Nyamaza, unanitoa kwenye usingizi. Kesho yake tena: "Baba Benja, kuna neno alisema nikwambie..." Kidole. Siku ya tatu nikamfokea kabisa. "Mama Benja, unataka nimpate mtoto au hutaki?"

Aliniangalia, akageukia ukutani. Hakuanza tena. Alfajiri ile wala nyingine zote. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikafurahi kwamba nyumba imetulia.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, akapata nimonia. Tukamkimbiza hospitali mjini. Nikainama pale kitandani, nikamshika mkono. "Mama Benja, sema sasa. Mtoto alisemaje?" Midomo ilitikisika chini ya ile barakoa ya oksijeni, pumzi ya kutoa neno haikuwepo. Asubuhi yake nikawa mgane.

Niliacha mambo ya ndoto. Ningeyafanyia nini? Basi Jumapili moja nimetoka misani, nimejilaza tu kwa uchovu, najikuta shambani. Nahesabu matuta, kumi na mawili. Nageuka, kumi na saba. Bwana wee, nikajua! Nilijua kabisa kwamba naota, kama ninavyojua sasa hivi kwamba naongea na wewe. Na Benja huyo, amesimama juu ya tuta kwa miguu miwili.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mwanangu."

Akacheka kicheko chake kile kile. "Mbona nilimwachia mama maneno yako, baba?"

Najua ni kichwa changu kilichojibu. Mimi si mtoto. Kingejibu nini kingine, wakati ndicho hicho tu kinachokijua? Lakini ndoto ilikuwa mikononi mwangu, nikaona nisiipoteze. Nikapaza sauti: "Mama Benja!"

Akaja kutoka upande wa nyumbani, amevaa kitenge chake cha akina mama wa parokia. Akaketi kwenye tuta, akajifunga vizuri, akaniangalia bila kinyongo.

"Baba Benja," akaanza, "siku ile mtoto anaondoka alinikuta jikoni..."

Nikauona mkono wangu, huu wa kulia, unanyanyuka wenyewe. Nilijaribu kuuzuia. Kidole kikafika mdomoni.

Akanyamaza.