Pangaboi Lililomeza Beti

Mwaka wa sitini na mbili, Wazungu wa Likoni walipoanza kuuza vitanda na makabati yao ili warudi kwao kabla bendera haijashushwa, Badi Sheikhan alirejea Mtongwe jioni moja na pangaboi ndani ya gunia. Badi alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno machache, na pangaboi lile hakulinunua kwa fahari. Alimnunulia mamake, Bi Barke, ambaye pumu ilikuwa imemkaa kifuani mwaka wa tatu sasa. Daktari alisema mgonjwa asikose hewa inayotembea, na chumba cha Bi Barke kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Upepo ulipita juu ya mapaa bila kumjulia hali.

Mtu wa tatu nyumbani alikuwa Kulthum, dadake Badi, mjane wa miaka thelathini na mitano. Kutwa alipika na kushona kofia, na alasiri, mama akishaamka usingizi wa mchana, aliandika. Bi Barke alikuwa na utenzi kichwani. Ulitungwa na mamake zamani, mwaka wa ukame mkubwa, ukieleza jinsi wanawake wa mtaa walivyochimba kisima kwa mikono yao. Ulikuwa na beti mia mbili na kumi, na haukuwahi kuandikwa. Wanawake walioujua waliuimba arusini, kisha wakaondoka mmoja mmoja hadi akabaki yeye. Kulthum alikuwa akiunakili kwenye daftari la shule kwa hati za Kiarabu, kama alivyofunzwa kwenye chuo cha Kurani utotoni.

Mwezi wa kwanza pangaboi lilikuwa neema. Lilizunguka chini ya boriti bila haraka, na vivuli vya mapanga yake vikapita juu ya mto, juu ya shuka, juu ya mikono ya Bi Barke, kama ndege wasiotaka kutua. Kulthum alikaa mkekani na kalamu yake. Alasiri zikawa ndefu na laini, hata sauti za watoto huko nje zilifika kana kwamba zimepita majini kwanza.

Mwezi wa pili likaanza kulalama.

Kulthum hakulitupa mkono. Kila Ijumaa, akishamsuka mama nywele, alipanda juu ya meza na kichupa cha mafuta ya nazi akayadondosha katikati, pale chuma kinapozungukia, mpaka yakachuruzika. Nyumbani kwao hakuna kazi ambayo mafuta ya nazi hayakuiweza: nywele, ngozi ya mtoto, bawaba za mlango, hata kufuli. Kisha alikifukiza chumba kwa udi, na moshi ukapanda ukajizungusha na mapanga. Pangaboi lilinyamaza siku mbili tatu, halafu likarudi na makelele zaidi. Kusi ilipoingia na asubuhi zikawa za baridi, kila lilipowashwa liliguna kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, likatetema, likagonga, na boriti zote zikaitikia.

Hapo ndipo utenzi uliposimama. Sauti ya Bi Barke ilikuwa imekonda kama uzi wa kofia. Pangaboi likiwaka, Kulthum aliinama hadi sikio likaribie mdomo wa mama, akaambulia neno moja na kukosa matatu. Likizimwa, mama alisema ubeti mmoja tu, kifua kikambana, mkono wake ukainuka kuonyesha swichi. Kumsikia au kumwacha apumue: kila alasiri Kulthum alikuwa akichagua, na kila alasiri alichagua pumzi. Daftari likabaki pale pale, ubeti wa tisini na sita.

La kutisha zaidi ni kwamba Bi Barke alianza kukwama. Alifika katikati ya ubeti akanyamaza, akayatazama mapanga, akasema yaliyobaki yamempotea. Badi alimnong'oneza dadake kuwa huo ni uzee, wasimsumbue tena. Kulthum alikuwa akifikiria beti mia na kumi na nne zilizobaki mle kifuani, na kile kifua.

Badi ndiye aliyemleta Nicanor, fundi wa umeme pale bandarini, mtu wa bara aliyekaa Changamwe, mrefu hata akaingia mlangoni kwa kuinama. Alivuka na feri Jumapili moja ya mwezi wa nane na kisanduku chake cha vyuma. Bi Barke alihamishiwa chumba cha pili, pazia likashushwa, naye Kulthum akajitanda buibui akasimama nyuma ya kakake.

Nicanor alitoa shikamoo kuelekea pazia. Bi Barke aliitikia marahaba, kisha akauliza, kwa kile kisauti chake, kama mgeni Kiswahili chake alikinunua sokoni kwa ratili.

"Hapana mama," Nicanor akajibu, "nilipewa bure huko bandarini, ndiyo maana kina mikwaruzo."

Nyuma ya pazia kilisikika kicheko, halafu kikohozi.

Fundi alizima umeme, akalishusha pangaboi, akaliweka juu ya gunia sakafuni. Akapitisha kidole katikati yake, akakinusa. Akanusa tena.

"Dada, nani alikuwa anapika wali wa nazi humu?"

Kulthum alihisi uso unawaka. Badi aligeuka kumtazama, na ikambidi aeleze, polepole, mafuta ya Ijumaa. Nicanor hakuendelea na mzaha. Alimwita asogee aone. Mafuta yalikuwa yameganda meupe, kama yanavyoganda chupani asubuhi za kusi, yakanasa vumbi na masizi ya udi hata yakawa ulimbo. Kila panga lilibeba uchafu wake, moja zito kuliko jingine, ndiyo sababu pangaboi lilikuwa likichechemea. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea. Na huko juu kwenye ndoano, kile kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigongane na chuma kilikuwa kimekauka na kumong'onyoka, kwa hiyo kila mtikisiko ulipita moja kwa moja kwenye boriti.

Alisafisha yote kwa mafuta ya taa, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akaivika ile ndoano, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akatia mafuta ya cherehani. Matone matatu, si zaidi.

"Kila mwezi uifanyie hivi," alimwambia Kulthum. "Usingoje mpaka ilie. Ikilia, imeshaumia."

Walipoliwasha, Bi Barke aliuliza toka nyuma ya pazia mbona wanakawia kuliwasha.

Siku zilizofuata zilikuwa kama za ndotoni. Hewa ilitembea bila nyayo. Bi Barke alilala chali, macho nusu, na beti zikatoka moja baada ya moja, tisini na saba, mia, mia na ishirini. Kulthum aliandika hata vidole vikamfa ganzi, na alipoinua macho alidhani chumba kizima kinaelea, kitanda na mkeka na wao wawili.

Badi alikuwa ameahidi kumleta Nicanor kila mwezi. Lakini Nicanor alipata likizo akaenda kwao kuvuna, na mwezi ukaandama, ukakomaa, ukaandama tena. Lile lalamiko likarudi: kwanza tik, jepesi, kama ukucha kwenye kikombe, baada ya wiki mbili, mgongano. Kwenye ubeti wa mia na thelathini na tatu Bi Barke alisimama.

"Tulichimba na kuchimba, mikono ikatuvimba..." Akanyamaza. Akajaribu tena toka mwanzo. "Yamekwenda, mwanangu. Niache."

Kulthum alimwendea kakake, akamwomba amtafute fundi mwingine, au amruhusu ajaribu mwenyewe. Badi alisema wasubiri, Nicanor atarudi mwisho wa mwezi, inshallah. Na kuhusu mwanamke kupanda juu ya meza kushikana na umeme, hilo asilisikie tena. Asubuhi yake akaenda kazini. Kulthum alisikiliza kifua cha mama kwa muda, kisha akamwambia amvumilie kidogo, ataizima hewa.

"Unataka kufa kabla yangu?" Bi Barke aliuliza.

"La mama, sitakufa. Nimezima kule kwenye mita."

Alikunja buibui kiunoni, akapanda. Bisibisi ya kakake ilimponyoka ikaanguka, akashuka, akaiokota, akapanda tena. Alipangusa panga moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, juu na chini, sawa kwa sawa. Skrubu ya panga la tatu iligeuka kwa ncha ya kidole tu. Akaikaza, akazikaza na nyinginezo. Kile kipande cha tyubu kilikuwa kimeteleza, akakirudisha kwenye ndoano. Akatia matone matatu ya mafuta ya cherehani aliyoyaacha Nicanor, akiyahesabu kwa sauti.

Aliporudisha umeme, mapanga yalianza kuzunguka, na chumbani hakikusikika chochote isipokuwa pumzi ya mama. Bi Barke aliwaza kidogo. Akaanza kwa sauti ndogo, kama anayejisemea mwenyewe, safari hii bila kusimama:

Tulichimba na kuchimba
mikono ikatuvimba
tukasikia kuimba
chini maji yatujiya.

Kulthum alibaki ameshika kalamu hewani. Mama hakuwa amesahau. Kila mstari uliita mwenzake kwa kina chake cha mwisho, na mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe atauitaje wa pili? Pangaboi lilikuwa likizila beti kabla hazijafika sikioni mwa mwenyewe.

Badi aliporudi jioni alisimama mlangoni akisikiliza. Aliona meza imesogezwa. Kesho yake alileta chupa mpya ya mafuta ya cherehani akaiweka juu ya kabati.

Tangu hapo, kila mwezi ukiandama, asubuhi yake Kulthum alipanda mezani. Jirani yao Mwanasaumu, ambaye pangaboi lake lilipiga kelele kama kinu cha kukoboa, alikuja kumwomba. Mumewe alishinda kazini na fundi wa kiume hangeweza kuingizwa ndani. Akaja mwingine, na mwingine. Walimtania kwa kumwita fundi wa buibui, naye aliwajibu kuwa mafuta ya nazi waziwekee nywele zao.

Utenzi ulikamilika mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya kufunga. Bi Barke alisema ubeti wa mia mbili na kumi, akanyamaza, na Kulthum akapiga mstari chini ya maandishi. Alidhani mama amesinzia.

"Sasa nisomee," Bi Barke alisema.

"Nikusomee ubeti gani, mama?"

"Wote. Tangu mama alipokufa, mimi ndimi niliyekuwa nikiwaambia watu. Hakuna aliyeniambia mimi."

Kulthum alirudisha kurasa hadi ya kwanza. Akasoma kwa sauti ya kawaida, bila kuipandisha, na kitandani midomo ya Bi Barke ikatulia, akasikiliza.