Mulineti ya Kifungo

Kosa langu la kwanza katika uvuvi lilikuwa kukaza skrubu ya mulineti, chombo cha kukunjia uzi wa kuvulia, mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka saba, na niliamini kwamba chombo kizuri ni kile kisichoachia kitu. Hata leo harufu ya Lukuga, pale mto unapotoka ziwani, harufu ya matope na majani yaliyooza na mafuta ya injini za boti, hunifanya nikunje vidole bila kujua, kana kwamba bado naitafuta ile skrubu niirudishe nyuma. Hakuna aliyenifundisha mambo ya vifaa vya kuvulia. Nimejifunza kwa kufungua na kufunga, kwa kuharibu na kurudia, na kwa kulala nikiwaza nilipokosea. Watu huniita mtu makini. Mimi najua kwamba ni woga.

Msimu ule mvua haikutupumzisha, na ziwa likaanza kupanda. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na jiwe pana ambalo Mama alifulia nguo, na kila asubuhi baba yetu, Papa, alitoka kuliangalia kabla hajanawa uso. Kila asubuhi jiwe lilikuwa dogo zaidi. Siku moja alirudi ndani mara tu alipotoka, nasi tukajua kwamba limezama. Mbwa wa mtaani nao waliacha kunywa mtoni. Walikuja hadi kwenye mabeseni yetu ya vyombo wakanywa maji ya sabuni, na hakuna aliyewafukuza. Mbuzi wa jirani alifungwa ukingoni ale majani. Jioni ikakutwa kamba yake tu, imelowa, kigingi kikiwa palepale. Watu wazima waliyaongea mambo hayo kwa sauti ya chini, na tulipokaribia waligeuza maneno. Lakini kitoweo kilihitajika. Mawimbi yalikuwa yamewazuia wanaume kutoka, kwa hiyo sisi watoto ndio tuliovua, tukiwa juu ya mawe ya mlango wa mto ambako maji yalikuwa yametulia.

Wengi tulivua kwa mshipi mtupu uliozungushwa kwenye chupa, ncha yake imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Hivyo ndivyo watoto wa wavuvi kwetu walivyozoezwa, ili samaki asiondoke na mshipi, maana samaki mwingine atakuja lakini mshipi hauji wenyewe. Papa hakuipenda tena desturi hiyo mwaka ule. Alinichukua mimi na dada yangu Mapendo, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akatupeleka kwa Mama Riziki, mfanyabiashara aliyetoka upande wa mji wa Baraka na kuvuka ziwa kwenda Kigoma kuleta bidhaa. Papa alitaka mulineti, kile chombo kinachokaa kwenye fimbo na kukunja uzi kwa mpini. Mama Riziki alikuwa na mbili. Moja ilikuwa nyeusi, nene, imefunikwa kama sufuria, na nyuma yake kifungo kimoja. Ya pili ilikuwa ya fedha, uzi wake uko wazi, ina waya wa kufungua na kufunga, na iling'aa hata kwenye kibanda kile chenye giza.

"Papa, umupe hii ya kifungo," Mama Riziki alisema. "Anabonyeza, anatupa, anaachilia. Muchanga hauingie ndani, uzi haujifunge. Mutoto anaweza kuiangusha kila siku, haitavunjika."

Mimi nilikuwa nimeshashika ile ya fedha. Niliizungusha, nikaisikiliza, nikaifuta alama za vidole vyangu, nikaizungusha tena.

"Weye, unachagua mulineti ao unachagua bibi?" Mapendo aliniuliza, kana kwamba natafuta mke.

Mama Riziki alicheka, kisha akanishika kidole na kukiweka juu ya skrubu ya mbele. "Kama utabeba hii, usikilize. Skrubu hii njo inaachilia uzi wakati samaki anakupita nguvu. Usiikaze sana."

Nyumbani kwetu chombo cha kwanza mtu alijichagulia mwenyewe, ili asije akamlaumu mwenzake ziwa likimnyima. Papa alizitazama mulineti zote mbili, akanitazama mimi, akaiacha desturi iamue. Nimejiuliza mara nyingi kama alijua kwamba nilichagua vibaya.

Mchanga uliingia siku ileile. Mpini ukawa mgumu, uzi ukaruka nje na kujifunga mafundo, nami kila jioni nikaisafisha kwa mafuta ya taa mpaka Mama akanikataza kuilaza karibu na chakula. Kila samaki aliyenitoroka niliona ni kosa langu. Kila mara nilikaza skrubu kidogo, mpaka ikafika mahali haizunguki tena. Halafu, kwa kuwa niliogopa kuipoteza mulineti yangu nzuri, niliifunga fimbo kwenye mkono wangu kwa kipande cha wavu. Papa hakuliona fundo hilo.

Ilikuwa alasiri, jua kali, hakuna upepo. Mapendo alikuwa nyuma yangu akipasua samaki kwa kisu. Kilichoshika ndoano hakikugutusha kama samaki. Kilivuta polepole, sawasawa, kama mtu anayekwenda zake. Uzi haukutoka hata kidogo. Miguu yangu iliteleza juu ya jiwe, maji yakanifika magotini, kisha kiunoni, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila maji ya kahawia yaliyotulia.

"Usivute. Simama tu," Mapendo alisema, karibu sana na sikio langu. Aliushika uzi kwa mkono wa kushoto, akauzungushia vidole vyake ili uzito uje kwake, akaukata kwa mkono wa kulia. Uzi ulipokatika, uliondoka na nyama ya vidole viwili. Maji yalijifunga, na hatukuona kitu.

Usiku Papa alifunga kidonda cha Mapendo, kisha akaichukua mulineti na kujaribu kuvuta kipande cha uzi kilichobaki. Hakikutoka. "Nani alikaza hii?" aliuliza. Nilisema ni mimi. Hakunipiga. Aliiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

Mwaka huu Mapendo ameniomba nimchagulie mwanawe Yona mulineti ya kwanza. Ana miaka saba. Nyumba yetu ya zamani imo majini, tumehamia mlimani, na wiki hii nimewaona mbwa wakinywa tena kwenye mabeseni. Nilikwenda dukani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilitafuta iliyofunikwa, ya kifungo kimoja, yenye mpini mnene unaoshikika kwa vidole vilivyolowa. Niliziangusha kwenye sakafu mpaka muuzaji akaniuliza kama nina ugomvi nazo.

Nilipoifikisha, Mapendo hakumpa mtoto kwanza. Aliushika uzi kwa vile vidole viwili visivyonyooka, akavuta. Uzi ukatoka, ukaendelea kutoka.

"Inaachilia," alisema, akamwita Yona.

Siku hizi skrubu naiacha imelegea, hata samaki wakitoroka, na hakuna mtoto wetu anayefungwa kitu mkononi.