Kilo za Kwaya

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, pale Kabiro, Kawangware, na kwaya yake ilikuwa kubwa kuliko jengo. Jumapili waumini wakijaa, waimbaji wa alto walisimama nje na kupitishia sauti dirishani. Mvua ikinyesha, waliimba chini ya miavuli. Mwalimu wa kwaya, mama mmoja mfupi kutoka upande wa Kakamega, mwenye sauti ya kusimamisha mkokoteni, aliwasumbua wazee wa kanisa mpaka wakakubali kujenga roshani ya chuma juu ya mlango, iwatoshe wote.

Mchungaji hakuiamini. Fundi wa kuchomelea alimwambia itabeba hata tembo, naye akajibu kwamba tembo hawaruki wakiimba. Akaamua ipimwe. Isipoeleweka kufikia Jumamosi jioni, ngazi itafungwa na alto watabaki nje. Ndipo nikaitwa kutoka Kibera, Jumamosi yenyewe.

Kazi yangu ni kugundisha vihisi kwenye chuma. Ni vipande vyembamba vyenye waya laini ndani, vidogo kama stempu. Boriti ikibeba mzigo hujipinda kidogo sana, jicho halioni, lakini kihisi huvutika pamoja nayo, umeme unaopita humo unabadilika, na kompyuta inanionyesha. Ila kompyuta haizaliwi ikijua kilo. Lazima kwanza nipandishe uzito ninaoujua, niiambie ni kiasi gani, ndipo ijifunze. Kwa kawaida mimi hutumia mitungi ya maji. Wiki hiyo mifereji ya Kabiro ilikuwa mikavu.

"Maji ya nini?" mwalimu akasema. "Si utupime sisi? Kila mtu hapa anajua kilo zake."

Wakapanga foleni chini ya ngazi, kila mmoja akinitajia uzito wake kabla ya kupanda. Wanawake wa soprano walinong'ona, na kila mmoja alingoja kwanza kusikia ya mwenzake. Wanaume wa besi walitangaza.

"Themanini na tano!" akasema besi mmoja mwembamba, kifua mbele.

"Na viatu ama na baiskeli?" soprano mmoja akamuuliza.

Waliposimama soprano na besi wote juu, wamechanganyika, niliifundisha kompyuta jumla yao. Ikatulia vizuri. Kisha nikajaribu kwa makundi: soprano kwenye boriti ya kushoto, besi kwenye ya kulia. Mambo yakaharibika. Kushoto kompyuta ilionyesha uzito mkubwa kuliko waliotaja. Kulia ilionyesha mdogo.

Nikashuku kihisi cha kushoto. Nikakagua gundi: imeshika. Nikabana nyaya upya: hakuna kilichobadilika. Nikachomoa nyaya za kushoto na kuzichomeka mahali pa zile za kulia, maana kama kosa ni la mashine, litahamia upande wa pili. Halikuhama.

"Watu wa Kibera mnatuchezea," mwalimu akaniambia kutoka juu. "Jua linaenda hivyo."

Mchungaji alikuwa amekaa benchi la mwisho, miguu imenyooka, ametulia kama mtu anayejua mechi itaishaje.

Kilichobaki kilikuwa kuwahamisha watu wenyewe. Nikaomba soprano waende kulia na besi waje kushoto. Wakapishana wakikanyagana, wakasimama. Kosa nalo likainuka, likavuka roshani pamoja nao. Sasa kulia ndiko kulikozidi na kushoto ndiko kulikopungua.

Nikaelewa. Walipokuwa wamechanganyika, kilo walizoficha soprano zilikuwa zimefunikwa na kilo walizojiongezea besi.

"Tatizo ni nini, injinia?" mchungaji akauliza.

Soprano wa mstari wa mbele walinikodolea macho. Nikamwita mwalimu chini, nikamnong'oneza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniinulia kidole.

"Usithubutu kusema hivyo mbele yao. Wakinuna, nitaweka nani huko juu?"

Akamgeukia mchungaji. "Pasta, injinia anataka maji. Waimbaji wanatikisika sana."

Akamtafuta mwenye mkokoteni aliyekuwa akileta maji kutoka mbali. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtungi hauoni haya wala haujisifu. Besi ndio waliotumwa kuipandisha mitungi.

"Baba, polepole," soprano yule yule akamwambia yule mwembamba, aliyekuwa akihema katikati ya ngazi. "Usije ukapoteza zile themanini na tano."

Nikaifundisha kompyuta upya kwa mitungi. Kushoto na kulia zikakubaliana. Tukashusha maji, kwaya ikapanda yote, alto nao wakiwemo. Mchungaji akainuka na kusogea kuangalia kompyuta. Mwalimu akamtangulia, akatupa leso yake juu ya kioo.

"Nijibu tu," akaniambia. "Inatosha ama haitoshi?"

"Wakisimama, inatosha na kubaki. Wakiruka bado sijui."

"Basi wataruka. Endelea kupima, lakini geuza uso wa hicho kitu ukutani."

Nikaigeuza, nikajibana kati yake na ukuta. Waliruka wachache kwanza, nikainua kidole gumba. Kisha wakaruka wote, wimbo mzima, mabati yakiitikia. Kila walipotua, mistari kwenye kioo ilipanda, haikufika popote pa kunitisha, halafu boriti zikarudi mahali pake kana kwamba hakuna aliyezigusa.

Nikamwambia mchungaji kwamba kesho wapande wote, na waruke wakitaka. Akanishukuru, akanivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini jumla ilikuwa kilo ngapi.

"Pasta," nikamwambia, "mashine ilikuwa imeangalia ukuta."