Mashavu Mliyoyasifu

Mlioandika chini ya picha yangu kwamba Singida imeninenepesha, mlikosea. Na mimi nilikosea.

Leo sikwenda kubeba magunia ya alizeti. Buti zilikataa kuingia miguuni, nikaenda zahanati.

Mwanafunzi wa uuguzi akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki, kama kwenye tonge la ugali.

"Kaka, huku si kunenepa. Ni maji."

Nikamuuliza, "Ndiyo ugonjwa wenyewe?"

"Hapana, hii ni dalili. Ugonjwa bado tunautafuta. Kesho nenda hospitali wakupime figo na moyo."

Na mimi nilikuwa nayafurahia haya mashavu.

Mama yangu, kule Kigoma, ameionyesha ile picha kanisani. Wamemshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Sasa nimwambieje?