Siku Niliyoning'inia Mbele ya Mama Mkwe

Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi kule Galu ilikuwa na ukuta wa mbao wa kupandia, umesimama nyuma ya chumba cha mazoezi, wenye vishikio vya plastiki vya rangi mbalimbali. Ulijengwa kwa ajili ya wageni. Lakini baada ya zile fujo za Likoni wageni walipotea, kisha mvua za Elnino zikaja zikakata hata barabara, nasi wafanyakazi tukabaki na ukuta peke yetu. Kila alasiri, zamu ikiisha, mie nilikuwa pale. Kila kishikio nilikijua. Nilipanda nimefumba macho, na akina dada wa mapokezi walikuja kunitazama. Sikuwa mtu mdogo kwenye ukuta ule.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda msichana aliyekuwa akishona nguo Bongwe, karibu na nilipopanga chumba. Yeye alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango. Mie ni mtoto wa walowezi waliotoka bara na Biblia na majembe yao, nikazaliwa kwenye shamba la skimu ya serikali ya kugawia watu ardhi kule Msambweni. Baba alikuwa ameshatuma watu kwenda kuposa, na jibu lilikuwa halijaja. Mamake nilimwona mara moja tu, alipokuja kumjulia hali bintiye. Nilimwamkia huku nimeinamisha macho, naye akaitikia ameangalia kando, nikatoka upesi. Kwao na kwetu, katika jambo hilo hatutofautiani: mama mkwe, hata yule unayemtarajia tu, humtazami usoni, wala humpi nafasi ya kukuona vibaya.

Kamba za kupandia mawe alikuwa nazo mzungu mmoja mkaazi wa Diani, fundi wa vifaa vya kuzamia baharini. Alikuja siku moja kututazama ukutani, akatabasamu.

"Hii ni ngazi tu," alisema. "Jumamosi nitawapeleka kwenye jiwe lenyewe."

Tulikwenda watatu kwa pikapu yake: yeye, mie, na mwenzangu wa chumba cha mazoezi, mtu wa Nairobi aliyekuwa hamalizi sentensi bila Sheng. Tulipita Kwale, tukapita Kinango, barabara ikawa vumbi na miiba, mpaka tukaliona jabali. Lilikuwa jiwe la kijivu, tupu, limechomoza katikati ya nyika kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mchumba wangu alikuwa amenieleza habari za kwao mara nyingi, lakini alitaja soko, kanisa la jirani na msikiti wa bati. Jabali hakulitaja, wala mie sikujua kwamba liko jirani na kwao. Mtu hataji kitu anachokiona kila kukicha.

Mzungu alizunguka upande wa nyuma kwenye mteremko rahisi, akaipitisha kamba kwenye mti kule juu, akaziteremsha ncha zote mbili. Aliporudi aliuliza nani ataanza. Nilikuwa nimeshavaa mkanda wa kiunoni; akanifunga ncha moja, ya pili akaishika yeye.

"Wewe ndiye mkali, buda," mwenzangu alisema. "Waonyeshe hao mbuzi."

Mbuzi kweli walikuwapo, wamesimama kwenye kivuli cha mgunga wakitutazama.

Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha jiwe likawa laini kwa macho na kali kwa ngozi, kama msasa, bila kishikio chochote. Lilinitaka nisimame juu ya nyayo na kuiamini miguu, na mie nilichokuwa nikikiamini siku zote ni mikono. Nilipapasa huku na huku. Nikataka kurudi, nikakuta hata kurudi sijui. Mguu ukateleza.

Niliburuzika kwa makalio mpaka kamba iliponikamata, nikabembea upande, nikajigonga, nikasimama hewani kwenye kimo cha paa la nyumba. Sikuumia. Lakini nilihisi upepo mahali ambapo mtu hastahili kuhisi upepo. Suruali ya nailoni niliyokuwa nimevaa ilikuwa imechanika nyuma kutoka kiunoni hadi pajani, na kwa kuwa ilikuwa ya kubana, ndani sikuvaa kitu. Mkanda nao ulikuwa umeubana mpasuko na kuutanua kushoto na kulia.

"Nishushe!" nilipiga kelele.

"Haishuki!" mzungu alijibu. "Kamba imeingia kwenye ufa. Usitikisike, nakwenda juu kuitoa."

Aliifunga ncha ya chini kwenye mti, akaondoka mbio kuzunguka jabali. Nikabaki nikizunguka polepole kwenye kamba, mara uso wangu uko kwenye jiwe, mara uko nyikani. Mwenzangu chini alijaribu kuniliwaza, lakini kicheko kilimshinda, akajikunja akishika tumbo.

Kelele zetu zilisikika. Waliokuja kwanza walikuwa wachunga mbuzi, kisha wanawake waliokuwa wakiteka maji, madumu yakiwa bado kichwani. Mmoja aliuliza kama ni maiti. Mwingine akasema, "Maiti gani hiyo inayofunika makalio kwa viganja?" Wakacheka wote.

Kamba ikanizungusha tena, nikamwona. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mwembamba, amejifunga leso kiunoni na nyingine begani. Sura ilikuwa ya mchumba wangu, iliyozeeka. Akanitambua naye. Nilifumba macho kama mtoto anayedhani akifumba hataonekana.

Nilisikia sauti yake ikipaa juu ya vicheko.

"Geukeni! Geukeni nyote! Huyo ni mkwe wangu!"

Vicheko vilikatika. Nilipofumbua macho niliona migongo tu, wake ukiwa mbele. Kabla ya siku ile hakuna mtu wa kwao aliyekuwa ameniita mkwe. Akaivua leso ya begani, akairusha nyuma bila kugeuka.

"Mpe ajisitiri," alimwambia mwenzangu.

Mwenzangu alikuwa hacheki tena. Aliifungia jiwe dogo, akarusha, ikapita pembeni; akarusha tena mpaka nikaidaka. Nikajifunga juu ya mkanda.

"Shikamoo, mama," nilisema kutoka hewani.

"Marahaba, baba," aliujibu ule mti uliokuwa mbele yake. "Umeumia?"

"Sikuumia."

"Alhamdulillahi. Ukishuka, msipite bila kula."

Akajitwika dumu lake akaenda. Kamba ilipofunguka nikateremshwa kama gunia. Tulikula kwake, chakula kimeletwa na jirani, mie nimekaa nimeuelekea ukuta. Mzungu alishukuru kwa sauti kubwa, akasifu kila kitu, na kila sifa ilinichoma.

Mchumba wangu alizipata habari kabla sijamweleza. Hakunicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia, akiwa ameinamia cherehani, kwamba wanawake wa kwao walikuwa wakimwigiza mkwe wa mamake kila wanapokutana kisimani, wanazunguka na kushika makalio, na kwamba mama alikuwa ameanza kwenda kuteka maji kisima cha mbali. Aibu ilikuwa yangu, na anayetembea ni yeye.

Jibu la posa lilikuja upesi. Mjomba wa mchumba wangu alimwambia baba kwamba hakuna cha kujadili sana, maana mama mtu alikwisha kumtangaza mkwe mbele ya halaiki, na neno la namna hiyo halirudishwi. Baba alifurahi. Mie nilitamani jibu lingekuja kwa njia nyingine, kwa sababu hata leo sijui kama mama mkwe alinikubali au aliniokoa tu. Yeye sikumwuliza kamwe. Mtu akitaka kujua jambo kama hilo aulize nini, na aanzie wapi?

Tulioana. Nilipanda ukuta wa mbao mara chache baada ya hapo, kisha nikaacha. Miaka mingi baadaye, macho yalipomwishia, mama mkwe alihamia kwetu Bongwe. Nilikuwa nikimpelekea chai barazani asubuhi, naye, ijapokuwa alikuwa haoni, kila akisikia hatua zangu aligeuza uso upande wa pili.