Tundu Lililonivunja Taya

Mume wa dada yangu alinivunja taya kwa sababu ya tundu kwenye boti. Leo nalishukuru lile tundu.

Shemeji alinunua boti ya faibaglasi, nyeupe pe, akawa anaifuta kwa shati lake mwenyewe. Akataka kuifungia mnara, ule upinde wa mabomba unaofungwa kamba ya kumvuta mtu anayeteleza kwa ubao majini. Mafundi hakuwataka, eti wataikwaruza. Akaniita mimi, mchomelea vyuma, tuufunge wenyewe.

Sasa jamani, faibaglasi haina ubishi na drili. Inatoboka kama papai.

Kwa hiyo bolti lazima ipenye hadi ndani, nyuma yake uweke bamba pana la chuma, ndipo ukaze nati. Bila bamba, mnara ukivutwa unang'oka na ngozi ya boti.

Shida ni kwamba nyuma ya ubavu wa boti mkono haufiki. Lazima ukate tundu kwa ndani.

"Boti yangu haikatwi," shemeji akasema. "Piga skrubu."

Nikamwambia chini ya mnara huo atakaa mke wake. Akaondoka akibamiza mlango wa karakana.

Nikaona nikimsikiliza nitamzika dada. Nikakata tundu upande wa kushoto, nikaweka mabamba, nikakaza nati.

Akarudi, akaliona.

Aliokota kipande cha bomba akanitandika nacho shavuni. Nikaanguka kwenye vumbi la faibaglasi, akanifuata hukohuko: mbavu, mgongo, vidole. Nikatema jino. Namchukia hadi leo, sitawadanganya.

Dada, mtu ambaye hata kuku hachinji, alisimama mlangoni akilia. Hakuthubutu kuingia.

Taya likafungwa waya. Shemeji akaja kuomba msamaha, akaapa kwamba na upande wa kulia ameufunga kwa mabamba. Vifuniko vya miguu ya mnara vilishaficha kila kitu.

Siku ya majaribio dada akaniomba nishike usukani. Aliogopa kuwa peke yake na yule bwana. Nikaenda kwa ajili yake.

Ziwa lilikuwa shwari. Shemeji majini na ubao wake, dada kiti cha nyuma akimtazama. Nikaongeza mwendo, kamba ikakaza.

Paa!

Upande wa kulia uling'oka wote, vipande vya faibaglasi vikaruka. Bomba likapita juu ya kichwa cha dada, likamvua kitambaa, kisha likakwama hapo hapo.

Miguu ya kushoto ilikuwa imeshika. Ule upande niliopigiwa.

Nikazima injini. Dada aliokota skrubu mapajani mwake, haina nati wala bamba.

Shemeji akaogelea hadi kwetu, akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Hakumtazama hata mkewe.

"Imepasuka sana?" akauliza.

Dada akachukua spana kubwa, akaishusha kwenye vidole vya mumewe. Nilisikia mifupa.

"Hiyo ya mdogo wangu," akasema, akaiinua tena. "Na hii yangu."

Tulimvuta hadi ufukweni akipiga mayowe, na sikumwonea huruma.

Dada sasa anaishi kwangu. Spana ile anayo yeye, nami siiombi.

Ndugu msomaji, iwe mnara au ndoa, usidanganywe na kichwa cha bolti kinavyong'aa. Pitisha mkono nyuma kwanza, uone kumeshikwa na nini.